Chaneli ya Askari Kanzu: Gumzo la Ukoo

Mpwa (Boston): Shikamooni wakubwa. Tangu baridi ianze nimekuwa nikisikiliza redio ya polisi kwa skana, kile kifaa cha kunasa masafa ya redio, na sasa nina orodha ya chaneli 14 pamoja na masafa yake, ambayo nakusudia kuiweka wazi kwenye intaneti. Moja ni ya kikosi cha askari kanzu, nami sijaiona imeandikwa popote. Nimeona niwaulize kwanza.

Mjomba (Tanga): Marahaba, mjomba. Nilikaa kwenye simu ya upepo ya polisi miaka 19. Askari kanzu hana sare wala king'ora. Kinga yake ni kutojulikana alipo, na wewe unataka kumpa jambazi sikio la kumsikilizia.

Mpwa (Boston): Lakini huku kusikiliza si kosa kama ilivyo Uingereza, na leseni nyingi za masafa ya polisi zimo katika daftari la tume ya mawasiliano ambalo yeyote hulifungua.

Mjomba (Tanga): Daftari halisemi nani amejificha nyuma ya nyumba ipi. Tarehe 19 Aprili 2013, mshukiwa wa mabomu ya mbio za marathoni za Boston alipokuwa akisakwa Watertown, hapo jirani yako, polisi waliwasihi watu wasitangaze nyumba zilizokuwa zikipekuliwa, kwa kuwa maelfu walikuwa wakisikiliza redio na kuandika papo hapo. Usiku wa kuamkia siku hiyo watu walidai kwamba redio imemtaja mwanafunzi fulani aliyekuwa amepotea. Hakuhusika hata kidogo, na siku chache baadaye alikutwa mtoni, amekwisha kufa.

Dada (Mombasa): Shikamoo mjomba. Hapo tusichanganye mambo, kwa sababu kosa la wale walioandika uvumi si kosa la redio. New York walipoanza kufunga mawasiliano yao kwa fumbo mwaka 2023, wakianzia Brooklyn, waandishi waliokuwa wakifika kwenye tukio kwa kusikia redio walibaki kungoja taarifa ya polisi wenyewe. Kwa kazi yangu, najua taarifa hiyo huja ikiwa imekwisha kupigwa pasi.

Mjomba (Tanga): Basi wafanye kama Chicago, wasikilizishe baada ya dakika 30.

Dada (Mombasa): Baada ya dakika 30, mjomba, damu imekwisha kuoshwa.

Shangazi (Worcester): Mnabishana juu ya polisi na waandishi, na aliyepiga simu hamjamtaja. Baba yenu alipoanguka jikoni nilipiga 911, namba ya dharura ya huku Marekani, na wakati namsubiri daktari, namba ya nyumba yetu, umri wake na ugonjwa wake vilikuwa vikisomwa hewani. Asubuhi jirani ambaye hatujawahi kusalimiana alikuja na keki, akaniuliza kama figo zake zinaendeleaje. Alikuja kwa wema, lakini keki ile sikuweza kuila.

Mpwa (Boston): Sikuwa najua hilo, shangazi. Mimi pia huwa nasikia anwani za watu, na wiki iliyopita nilimsimulia mwenzangu kazini habari ya mama mmoja, tukacheka.

Shangazi (Worcester): Mmm.

Mpwa (Boston): Chaneli ya askari kanzu nimeifuta. Ya kuwatuma askari kwenye matukio nitaiacha, kwa sababu ya aliyoyasema dada. Ya magari ya wagonjwa naomba mniachie hadi kesho.

Dada (Mombasa): Ya kesho ni nini? Ifute sasa hivi.

Mpwa (Boston): Nimeifuta. Zimebaki 12.