Boila inanguruma asubuhi: ni sauti ya kuvumilia au ya kumwita fundi?

Swali kutoka Reading, Uingereza

Wakubwa shikamooni, na wenzangu habari za baridi.

Tulihamia nyumba ya kupanga mwezi wa Septemba, na kwa kuwa hatukuwasha joto hadi juma lililopita, hatukujua kwamba boila iliyomo kwenye kabati la jikoni ina maneno mengi. Ni boila ya gesi ya aina ya kombi, yaani ile isiyo na tangi la kuhifadhia maji ya moto, ambayo hupasha rejeta za vyumbani (vile vyuma vya ukutani vinavyotoa joto) na pia maji ya moto ya bafuni na jikoni. Kila asubuhi inapowaka kwa ajili ya rejeta husikika mngurumo unaopanda taratibu, kisha boila hujizima, hutulia, na kuanza upya. Usiku, ikishazimwa, mabomba yaliyo chini ya sakafu hutoa mlio wa tik-tik ambao umemfanya mama mkwe wangu, aliyekuja kututembelea kutoka Tanga, akatae kulala chumba cha nyuma. Aidha, kwenye rejeta moja ya ghorofani kuna sauti ya maji yanayobubujika.

Mwenye nyumba amenijibu kwamba boila zote huwa hivyo. Naomba mnielekeze ni sauti ipi kati ya hizi iliyo ya kawaida, ipi naweza kuishughulikia mwenyewe, na ipi sipaswi kuiacha hata siku moja.

Jibu kutoka Luton

Marahaba dada.

Kazi yangu ni hizi hizi boila, na nikiri kwamba ni mara chache napata maelezo yenye manufaa kama yako, kwa sababu umetaja saa na mahali sauti inapotokea. Wengi hupiga simu na kusema tu kwamba boila inapiga kelele. Ukubwa wa kelele haumwelezi fundi mengi. Kinachomwongoza ni kujua kama sauti hutokea moto unapowaka, moto unapoendelea, au baada ya kuzima. Kama inatoka ndani ya boksi au kwenye mabomba. Na kama husikika rejeta zinapopata joto tu, au hata mtu anapofungua maji ya moto bafuni.

Nianze na mama mkwe, kwa kuwa shida yake ndiyo nyepesi. Mabomba ya shaba hurefuka yakipata moto na kurudi yakipoa. Bomba la mita 10 likipanda joto kwa nyuzi 50 hurefuka kwa takriban milimita 8, na kwa kuwa limepitishwa katika mbao za sakafu zilizolibana, halisogei kwa ulaini bali hujivuta kidogo kidogo, na kila mvuto hutoa mlio. Hakuna kinachoharibika, kwa hiyo mwambie alale salama. Mlio ukizidi kumsumbua, shusha joto la maji yanayokwenda kwenye rejeta, kwani boila nyingi zimewekwa nyuzi 75 au 80 pasipo sababu. Boila za kisasa hunufaika zaidi na gesi pale maji yanayorudi kutoka kwenye rejeta yanapokuwa chini ya nyuzi 55 hivi, na hivyo sakafu itanyamaza na bili pia itapungua.

Sauti ya kububujika ghorofani ni hewa iliyonaswa, hasa ukikuta rejeta hiyo ni baridi juu na moto chini. Kazi ya kuitoa ni yako. Zima joto, ngoja rejeta zipoe, nunua ule ufunguo mdogo unaouzwa duka lolote la vifaa vya ujenzi, kinga kitambaa, kisha legeza skrubu iliyo pembeni juu kwa nusu mzunguko tu. Hewa itatoka ikivuma, na mara maji yakianza kutoka, funga. Usilete kiberiti wala sigara karibu, kwa kuwa chuma kinapoliwa na kutu ndani ya mfumo huweza kutoa gesi ya haidrojeni, nayo hushika moto. Baada ya hapo tazama geji ya presha iliyo mbele ya boila: mfumo ukiwa baridi, mshale uwe kati ya bar 1 na 1.5. Ukiwa chini, kitabu cha maelekezo kitakuonyesha koki za kujazia maji, nazo zifungwe barabara baadaye, kwa sababu presha ikifika bar 3 valvu ya usalama hufunguka na kumwaga maji nje.

Sasa mngurumo, ambao ndio kiini cha swali lako.

Moto wa gesi hukabidhi joto lake kwa maji katika kipande chembamba cha chuma chenye njia finyu. Maji yakipita kwa kasi inayotakiwa, hubeba joto na kuondoka. Yakipita polepole, au njia ikiwa na utando ndani, baadhi yake huchemka papo hapo, mapovu ya mvuke yanazuka na kupasuka, na chuma chote kinatetemeka. Ni sauti ile ile ya birika kuukuu iliyojaa magamba meupe, ambayo wenzetu wanaotumia maji ya kisima Dar es Salaam wanaijua vizuri. Boila inapogundua kwamba joto limepanda kupita kiasi hujizima, hupoa, kisha hurudia. Ndiyo maana unasikia ikianza upya kila mara.

Watu wa Reading, London na hata sisi wa Luton tuna mazoea ya kulaumu chokaa, kwa kuwa maji ya huku hutoka kwenye miamba ya chokaa na kila birika linathibitisha. Lakini hapa lazima tutenganishe mambo mawili. Maji ya bafuni ni mapya kila siku na huleta chokaa mpya kila siku. Kwa hiyo sauti ikitokea pale tu unapofungua maji ya moto, mimi pia nitaanza kuishuku chokaa katika kipande kinachopasha maji hayo. Maji ya rejeta, kinyume chake, ni yale yale yanayozunguka mwaka mzima. Chokaa iliyokuwamo ilikwisha kujitoa siku nyingi, na hakuna nyingine inayoingia, isipokuwa kama mfumo unavuja na mtu anaongeza maji kila juma. Kwa hiyo boila inayonguruma wakati wa rejeta pekee, mara nyingi nakuta ni tope jeusi la kutu, pampu iliyochoka, au rejeta nyingi zilizofungwa hivi kwamba maji hayana pa kupita. Hili la mwisho nalikuta sana majumbani mwetu, kwa sababu tunafunga vyumba tusivyotumia ili kubana matumizi, kisha tunashangaa boila inalalamika.

Naomba basi ufanye majaribio mawili. Fungua maji ya moto jikoni huku rejeta zikiwa zimezimwa, na usikilize. Kisha fungua rejeta zote hadi mwisho, uwashe joto, usikilize tena. Gusa kila rejeta pia: ikiwa moto juu na baridi chini katikati, humo mna tope.

Kuna sauti ambazo hazina majaribio. Boila ikichelewa kuwaka kisha ikawaka kwa mshindo, maana yake gesi ilijikusanya kabla ya kushika moto; izime na usiiwashe hadi fundi aione. Vivyo hivyo ukiona moto wa manjano uliolegea badala ya bluu, masizi kwenye boksi, au wakazi wakiumwa kichwa na kichefuchefu wakiwa nyumbani na kupona wakitoka, hata kama boila iko kimya kabisa. Hewa ya sumu ya kaboni monoksidi, inayotokana na gesi isiyoungua vizuri, haina sauti wala harufu. Fungueni madirisha, tokeni nje, na mpige 0800 111 999, namba ya dharura ya gesi kwa England, Wales na Scotland, ambayo hupokelewa saa zote. Harufu ya gesi nayo ni namba hiyo hiyo, na swichi za umeme msiziguse.

Kuhusu kufungua boksi lenyewe, usijaribu, na usimruhusu ndugu yetu yeyote aliyesifiwa kuwa fundi hodari lakini hana usajili. Kisheria kazi ya gesi hufanywa na aliye kwenye Gas Safe Register, orodha rasmi ya mafundi wa gesi iliyochukua nafasi ya ile ya CORGI tarehe 1 Aprili 2009. Mwombe kitambulisho na ukigeuze: upande wa nyuma umeandikwa aina za kazi anazoruhusiwa, na si kila aliyesajiliwa anaruhusiwa kugusa boila.

Jibu kutoka Glasgow

Ndugu wa Luton amemaliza karibu yote. Naongeza moja tu kwa sisi wa kaskazini, ambao maji yetu ya ziwa la Loch Katrine ni laini na chokaa tunaisikia kwenu tu.

Baridi ikishuka chini ya sifuri kwa siku kadhaa, boila inaweza kukoroma kama mtu anayesukutua koo, kisha ikazima na kuonyesha namba ya hitilafu. Boila za kisasa hutoa maji kutokana na mvuke wa moshi wake, na maji hayo hutoka nje kwa bomba jembamba la plastiki. Bomba hilo likiganda, maji hurudi ndani na boila hujifungia. Desemba 2010 mafundi wa nchi nzima walikesha kwa sababu hii. Kama bomba linafikika ukiwa umesimama chini, limwagie maji ya uvuguvugu, yasiwe ya kuchemka kwa sababu plastiki hupasuka, kisha bonyeza kitufe cha kuanzisha upya. Ngazi na barafu usivichanganye.

Jibu kutoka Birmingham

Dada, kuhusu mwenye nyumba wako: jibu lake si jibu. Sheria ya mwaka 1985 ya wenye nyumba na wapangaji, kifungu cha 11, inamtaka atunze na kukarabati mfumo wa joto na wa maji ya moto. Kanuni za gesi za mwaka 1998 zinamtaka boila ikaguliwe kila mwaka na akupe nakala ya cheti, na kwa mpangaji mpya nakala hiyo hutolewa kabla hajahamia. Tangu tarehe 1 Oktoba 2022, England inamtaka pia aweke kengele ya kaboni monoksidi katika chumba chenye boila. Usibishane naye kwa simu. Mwandikie barua pepe yenye tarehe, eleza sauti na saa zake, omba cheti, na ambatisha video fupi yenye sauti. Asipojibu, idara ya afya ya mazingira ya halmashauri yako inapokea malalamiko ya aina hii.

Kutoka Reading tena

Nawashukuru sana. Maji ya jikoni hayatoi mngurumo wowote. Rejeta tatu zilikuwa zimefungwa na mpangaji aliyetangulia. Nilipozifungua mngurumo ulipungua lakini haukuisha, na rejeta ya sebuleni ni baridi chini katikati. Baada ya kutoa hewa nilijaza presha hadi bar 1.3, na sasa imeshuka tena karibu na sifuri. Barua pepe imeleta matunda: fundi anakuja Alhamisi, na cheti kimetumwa. Je, nimwambie nini ili asije akaangalia juu juu na kuondoka?

Jibu kutoka Luton

Mwambie kwanza habari ya presha, kabla ya mngurumo, kwa sababu huenda hiyo ndiyo mzazi wa mengine. Kila unapoongeza maji unaongeza oksijeni inayokula chuma, na kutu hiyo ndiyo tope. Akisafisha tope bila kutafuta uvujaji, mwakani mtakuwa pale pale. Atazame viungio vya rejeta, bomba la valvu ya usalama linalotokea nje ukutani kama lina unyevu, na lile tangi dogo la upanuzi lililo ndani ya boila, ambalo likipoteza hewa yake presha hupanda kupita kiasi wakati wa moto, valvu ikamwaga, na asubuhi geji ikaonyesha sifuri.

Kisha achukue maji kidogo kutoka kwenye rejeta ya sebuleni ayaweke kwenye glasi. Yakiwa meusi, mfumo unahitaji kuoshwa, kuwekewa chujio lenye sumaku na dawa ya kuzuia kutu. Hadi atakapofika usiendelee kujaza kila siku. Jaza inapobidi tu, na andika tarehe na kiasi cha presha kila mara, umpe karatasi hiyo mlangoni.