NAGAI HAIJATOLEWA ZAWADI KWA TANZANIA! Mmemponza mwanangu huku Japani

Wakuu,

Nimekaa kimya mwezi mzima nikijiambia yatapita. Hayajapita. Jana usiku inboksi yangu imeingia ujumbe wa kumi na tisa kutoka kwa mtu nisiyemjua: "Mkuu, ile viza ya mji wetu wa Nagai inagongwa wapi, ubalozini au ukishafika uwanja wa ndege?"

Mji wetu. Nikaweka simu chini, nikanywa maji, nikaisoma tena. Mji wetu! Yaani Nagai, mji wa Wajapani ambao mmeaminishwa kwamba Tanzania tumepewa! Sasa leo naomba mnisikilize, na wale wa "uzi mrefu, nani kausoma atufupishie" wapite kimyakimya.

Niko Saitama, huu ni mwaka wa kumi. Kazi yangu ni yadi ya magari, hayahaya mnayoagiza. Naingia chini naangalia kutu, napiga picha, naandika kila mkwaruzo, gari linashuka Yokohama kupakiwa melini. Wengi humu mnanijua kwa hilo. Mke wangu anafanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Tuna binti mmoja, darasa la nne, shule ya serikali ya hapa mtaani, na jina la shule msiniulize. Kazaliwa hapa. Kijapani ndicho anachootea, Kiswahili ni cha kugombezewa. Uraia wa Japani hana, maana huku kuzaliwa ndani ya mipaka hakukupi kitu, wanaangalia damu. Nalisema hilo kwa ajili ya wale wanaouliza kila wiki.

Turudi Agosti 2025. Mkutano wa TICAD wa tisa, ule wa Japani na nchi za Afrika kuhusu maendeleo, ulikuwa Yokohama, tarehe 20 hadi 22. JICA, shirika la misaada la serikali ya Japani, haohao wa lile daraja la Mfugale pale Tazara, wakatangaza kuwa miji minne ya Japani inafungamanishwa na nchi nne za Afrika. Nagai ya mkoa wa Yamagata na Tanzania. Kisarazu na Nigeria. Sanjo na Ghana. Imabari na Msumbiji. Mpango wenyewe ulikuwa wa kutembeleana, vijana kujifunza kazi na kurudi kwao, watu wa kujitolea kwenda na kuja. Basi. Nagai wala haikuokotwa njiani, ilikuwa mwenyeji wetu tangu maandalizi ya Olimpiki ya Tokyo 2020. Ni mji wa watu kama 25,000, wazee wengi, na theluji ambayo ukiegesha gari jioni asubuhi unalichimbua kwa koleo.

Kosa la kwanza likawa jina. Waliuita mpango "homutaun", neno la Kiingereza lililovalishwa kimono, maana yake mji wa nyumbani. Nani aliyekaa mezani akapitisha hilo jina, mwaka kama ule, sijui alikuwa anakula nini. Mwezi mmoja tu kabla, Julai 20, palikuwa na uchaguzi wa Baraza la Juu la Bunge, na chama cha Sanseito kimeingia na kaulimbiu ya "Wajapani Kwanza" kikatoka na viti 14. Wageni wa nchi zote tuliopo huku tulikuwa kama milioni 3.77 mwishoni mwa 2024, yaani watu watatu katika kila mia, lakini ukisikiliza kampeni ungedhani tumeshabisha hodi mpaka kwenye kasri la Mfalme. Katika hali hiyo unaenda kumwambia mtu kwamba mji wake ni "nyumbani" kwa Waafrika?

Haya, hayo ni ya kwao. Sasa ya kwetu, maana ndiyo yaliyonileta.

Gazeti letu moja, kwa Kiingereza, likatoka na kichwa cha habari chenye maana kwamba Japani imeitengea Tanzania mji wa Nagai. Imeitengea! Kama kiwanja cha Bunju. Wanaijeria nao hawakubaki nyuma, Ikulu yao ikatoa taarifa kwamba Japani inaanzisha viza maalumu kwa vijana wao waende Kisarazu. Serikali ya Japani ikakanusha, ikaomba taarifa isahihishwe, Wanaijeria wakaondoa. Ila kwa intaneti, ukishamwaga maji ndiyo basi. Watu wa huku walichukua skrinishoti ya vichwa vile vya habari, wakavitafsiri, wakavirusha kwenye mtandao wa X (Twitter ya zamani), na ndani ya siku mbili tatu habari imekuwa kwamba serikali inauza miji kwa Waafrika. Halmashauri za ile miji minne zikapokea maelfu ya simu na barua pepe za matusi. Watu wakaandamana nje ya ofisi za JICA Tokyo wakitaka ivunjwe. Karani wa halmashauri ya Nagai, aliyezoea kuulizwa habari za taka na theluji, sasa anapokea simu kutoka mji wa mbali anaambiwa ni msaliti wa nchi.

Na humu ndani mlikuwa mnafanya nini? Ninazo nyuzi zenu zote. "Vijana tupakie." "Nani anajua bei ya kiwanja Nagai?" Mwingine kaweka ramani kabisa na bendera yetu juu yake, kaandika Mkoa wa 32. Nilicheka, sikatai. Nilicheka mpaka nikamwonyesha mke wangu. Sikujua kuwa watu wa huku nao wanasoma, na kwamba siku hizi simu inatafsiri Kiswahili chenu neno kwa neno, masihara hayatafsiriki.

Sasa nifike kwa mtoto, na hapa lazima nijitie na mimi kitanzini.

Watoto wa huku likizo ya kiangazi wanapewa kazi ya utafiti wa kujichagulia. Mmoja anafuga mende wa pembe, mwingine anapima chumvi ya maji ya bahari. Binti yangu akachagua Tanzania. Sikumwambia mimi, kachagua mwenyewe. Karatasi kubwa ya manila, kachora Mlima Kilimanjaro, kabandika mfuko wa kahawa ya Kilimanjaro tuliyonunua supamaketi ya jirani (huku kila duka linayo, kwa jina hilohilo), kaandika Kiswahili cha "habari" na "asante" kwa herufi za Kijapani za katakana. Kazi ilikuwa imekwisha. Halafu tarehe 22 jioni mimi baba mtu, nimetoka yadi nimejaa sifa, nikamwambia: mwanangu, ongeza na Nagai! Umesikia habari? Sasa tuna mji ndugu hapahapa Japani. Nikamtafutia ramani ya Yamagata kwa mkono wangu. Akaichora, akachomeka kibendera chetu cha karatasi kwenye Nagai, kile cha kuchomeka kwenye keki.

Shule zikafunguliwa Septemba 1. Bango likatundikwa ukutani nyuma ya darasa pamoja na mengine thelathini.

Siku ya tatu karudi hasemi. Mkoba bado uko mgongoni, kakaa mlangoni palepale tunapovulia viatu. Mama yake akamtoa kwa maneno mpaka usiku. Wakati wa chakula, watoto wa zamu wamevaa aproni nyeupe na kofia wanagawa, naye yuko zamu anagawa supu, kijana mmoja kasimama na bakuli lake kamuuliza, na kwa sauti: "Nyinyi mkimaliza Nagai mnachukua mji gani?" Darasa limecheka. Mwingine kasema mama yake ameona kwenye YouTube kwamba Waafrika wanakuja laki moja. Mtoto wangu kamaliza kugawa supu. Hilo la kumaliza kugawa ndilo linaloniuma, sijui kwa nini.

Akaniuliza mimi: "Baba, kwani ni kweli tunachukua mji?"

Nikaomba kuonana na mwalimu. Mwalimu mwenyewe ni binti mdogo, mpole, tena ana huruma ya kweli, akanipigia magoti, karibu alie. Huku mzazi anaitwa kwa jina la mtoto kama kwetu tu, kwa hiyo ni Baba Fulani huku, Baba Fulani kule, samahani nyingi. Nikamwambia samahani nimezipokea, ila naomba jambo moja: simama mbele ya darasa dakika tano uwaambie watoto kwamba habari ile ni ya uongo, serikali yenu yenyewe imekanusha. Akanyamaza. Akasema atashauriana na mwalimu wa taaluma. Mwalimu wa taaluma akashauriana na mkuu. Baada ya siku tatu jibu likaandikwa kwenye daftari la mawasiliano kwa mwandiko mzuri sana: suala hili ni nyeti, lina mitazamo mbalimbali, kwa sasa tuangalie hali.

"Tuangalie hali." Mliowahi kuishi huku mnalijua hili neno. Huangaliwa hali mpaka mtoto anahitimu.

Mitazamo mbalimbali gani? Mji umetolewa au haujatolewa? Hawa ndio watu wanaopima joto la maji ya bwawa la kuogelea kabla watoto hawajaingia, wanaokuandikia barua ukisahau kuweka jina kwenye soksi ya mtoto. Lakini kumwambia mtoto wa miaka tisa kwamba mama yake ameshika uongo wa mtandaoni, hapana, hilo ni nyeti. Na hii ni nchi ambayo 2024 watoto wa Kijapani waliozaliwa hawakufika 700,000, mara ya kwanza tangu waanze kuhesabu 1899. Shule zinafungwa kila mwaka kwa kukosa watoto. Na wa kwangu yupo, anajua kanuni zote, anafagia darasa lake kwa zamu kama wenzake, mnamwogopa anakuja kuchukua mji.

Wiki iliyofuata bango limerudi nyumbani. Pale palipokuwa Nagai pamebandikwa karatasi nyeupe, imekatwa vizuri kwa mkasi, gundi imepakwa mpaka pembeni. Nikauliza nani kabandika. Kasema mwenyewe. Sijui kama ni kweli.

Septemba 15 ilikuwa sikukuu ya kuheshimu wazee, hakuna shule, na ndiyo siku ya marathoni ya wanaume ya mashindano ya dunia ya riadha Tokyo. Nikasema leo tunatoka. Treni ya kwanza, bendera ndani ya begi, tukasimama kando ya barabara. Mbio zilianza saa moja na nusu asubuhi na joto lilikuwa kama la Dar ya Februari. Mkimbiaji wetu Alphonce Simbu alipopita tulimwona labda sekunde nne, katikati ya kundi, nimepiga kelele mpaka polisi kageuka. Umaliziaji tuliuona kwenye simu. Mnajua wenyewe: yeye na Mjerumani Petros, saa 2:09:48 wote wawili, wametenganishwa na sehemu 3 za mia ya sekunde. Dhahabu ya kwanza ya Tanzania kwenye mashindano hayo. Nimelia mbele ya watu, sioni aibu.

Pembeni yetu kulikuwa na mama mmoja wa makamo, amefurahi pamoja nasi, anapiga makofi. Akainama kwa binti yangu akamuuliza kwa upole kabisa: na wewe mdogo wangu, umetoka nchi gani?

Mtoto aliniangalia kwanza. Halafu akajibu: "Afrika."

Nilikuwa nimeshika bendera mkononi, wakuu.

Tulipofika nyumbani mzee jirani alikuwa anatusubiri nje na figili mbili za bustani yake. Ana miaka themanini na kitu, na tangu siku ya kwanza aliposikia tunatoka Tanzania salamu yake ni moja: "Ikangaa!" Atakusimulia marathoni ya Fukuoka 1983 yote, jinsi Mtanzania Juma Ikangaa alivyomburuza Mjapani Seko mpaka uwanjani na Seko akamchomoka mwishoni kabisa. Kwa mzee huyu Tanzania ni yule kijana aliyekimbia mbele bila kugeuka nyuma. Hajui X ni kitu gani. Nikawaza kwamba tumetumia miaka arobaini kujengewa jina na watu wanaokimbia kwa miguu, likaharibiwa siku tatu na watu waliokaa.

Septemba 25 JICA wakaufuta mpango wote, rais wao akaziomba radhi halmashauri. Kwa hiyo hata ile ziara ndogo ya vijana wa kutoka kwetu kwenda kujifunza kitu Nagai, haipo tena kwa jina hilo. Na darasani hakuna aliyewaambia watoto chochote. Kwa mtoto wa darasa la nne maana yake ni nini? Kwamba ilikuwa kweli, watu wazima wakaizuia.

Mchuma janga hula na wa kwao, walisema wahenga, ila hapa mchumaji yuko Kinondoni na mlaji yuko Saitama darasa la nne. Waandishi wetu waliotia chumvi kwenye kile kichwa cha habari mpaka leo sijaona wamesema samahani kwa Kiswahili wala Kiingereza.

NYONGEZA 1: Kuna aliyeandika "si urudi nyumbani kama kunauma". Sawa mkuu, nikirudi gari lako la kwenye mnada wiki ijayo nani ataingia chini kuliangalia?

NYONGEZA 2: Mdau aliyeuliza kwa nini sihami shule: ana rafiki mmoja pale, wa kweli, wanatembea wote asubuhi. Yule rafiki ndiye aliyeendelea kupokea supu siku ile bila kusema neno. Kwa huyo mmoja nabaki.

NYONGEZA 3: Anayesema naficha mchongo wa Nagai ili niwapeleke ndugu zangu, nimeshakuwekea ujumbe inboksi. Hakuna viza. Hakuna kiwanja. Hakuna mchongo. Na bango liko nyuma ya friji, ukitaka picha ntakutumia.