Kreta ya Linné: je, ilitoweka kweli?

Mgeni wa Darubini: Wadau, salaam. Juzi, Mwezi ukikaribia kuwa mpevu, nilielekeza darubini yangu ya milimita 70 kwenye uwanda wa Mare Serenitatis. Mahali ambapo ramani inaonyesha kreta ya Linné niliona doa jeupe tu, bila shimo. Nimesoma kwamba mwaka 1866 Johann Schmidt, mkuu wa kituo cha kutazama nyota cha Athens, alitangaza kuwa kreta hiyo imebadilika, ilhali Lohrmann na Mädler, wachora ramani za Mwezi wa Ujerumani, walikwisha kuichora miongo kadhaa kabla yake ikiwa na upana wa kilometa zipatazo 10. Je, ilifukiwa na volkano?

Mzee wa Falaki: Ndugu yangu, haikufukiwa. Linné ina upana wa kilometa 2.2 tu, na kutoka huku kwetu upana huo ni takriban sehemu moja ya 3,600 ya digrii, kipimo ambacho darubini yako haiwezi kukipambanua. Ulichokiona ni mawe na vumbi vilivyorushwa pande zote kimondo kilipogonga, vikatandazwa juu ya basalti (mwamba wa volkano) nyeusi ya uwanda ule. Na kwa kuwa kreta yenyewe ni changa kwa kipimo cha Mwezi, vifusi hivyo havijafifia. Jua likiwa juu vivuli hutoweka, doa likang'aa na shimo lisionekane.

Msomaji wa Ramani: Naafiki, ila tusimcheke Schmidt, maana alikuwa mchoraji hodari wa ramani za Mwezi, nadhani kosa lake lilikuwa kuziamini mno ramani za waliomtangulia. Picha zilizopigwa na Apollo 15 mwaka 1971 zilionyesha kreta nzima, yenye ukingo mkali. Baadaye chombo cha Marekani kiitwacho LRO kiliipima kwa leza, ikabainika kuwa haina umbo la bakuli kama wengi walivyodhani, bali inateremka kama faneli.

Mgeni wa Darubini: Shukrani. Basi nijaribu lini tena?

Mzee wa Falaki: Siku ya sita au ya saba ya mwandamo, jua linapochomoza pale. Anzia kreta ya Bessel, yenye kilometa 16, kisha elekea kaskazini-magharibi. Kwa milimita 70 shimo halitaonekana; azima darubini ya milimita 150 au zaidi, usubiri hewa itulie.