Naombeni ushauri: turubai la mvua la bei nafuu kwa anayeanza kulala kwenye hamoki

MgeniWaPori
Wakuu habari zenu. Nimeanza kuupenda huu mchezo wa kulala porini kwenye hamoki, kile kitanda cha kitambaa cha kuning'iniza kati ya miti miwili. Hamoki yenyewe ninayo tayari, ile nyepesi ya nailoni ya watu wanaoanza, urefu mita 2.7 na imeshonewa neti ya mbu kabisa. Kilichobaki ni turubai la mvua na hapo ndo kichwa kinaniuma maana kila nikiangalia naona aina kibao. Kuna la polyesta mita 3 kwa 3 limeandikwa mm 3000, kuna dogo la mita 2.4 kwa 1.8 ambalo linakunjika mpaka linaingia mfukoni na ndo la bei ndogo, halafu kuna yale ya plastiki ya bluu. Ya nailoni iliyopakwa silikoni nimeyaona ila bei hapana kwa sasa. Natembea na begi mgongoni kwa hiyo uzito nao nauangalia, ila zaidi sitaki kununua mara mbili. Hivi hiyo namba ya mm ndo ya kuangalia kwanza au? Naomba kuwasilisha.

KambaMbili
Karibu sana mkuu. Mm weka pembeni kwanza, anza na urefu. Hamoki ikifungwa vizuri, yaani kamba zake zikishuka kutoka kwenye mti kwa pembe ya nyuzi kama 30, umbali kutoka ncha mpaka ncha unapungua, unabaki kama asilimia 83 ya urefu wa kitambaa. Ya kwako ya mita 2.7 ikining'inia itachukua kama mita 2.25. Sasa chukua hilo dogo la mita 2.4 ulilolipenda, linabaki na sentimita 7 hivi kila upande, na mvua haishuki wima kama maji ya bomba, upepo kidogo tu kichwa na miguu vimeloa. Unatakiwa ubakiwe na angalau sentimita 15 kila ncha, na 30 ndo unalala kwa amani. Hilo la mita 3 linakupa 37, limetosha kabisa na hata ukija kununua hamoki ndefu zaidi bado utajibana nalo. Kwa hiyo jibu langu ni la 3 kwa 3, hilo dogo liache hata kama bei inakuita.

fundi_mishono
Naunga mkono, ila niongezee kwenye hiyo mm maana ndo inawachanganya wengi. Ile namba ni urefu wa maji yanayoweza kusimama juu ya kitambaa kabla hayajaanza kupenya. Kwa turubai linaloning'inia juu yako 1500 inatosha vizuri tu, 3000 ni nzuri lakini haikufanyi ukauke mara mbili. Maji yanaingilia kwenye mshono. Turubai nyingi za ukubwa huo zimeunganishwa vipande viwili na mshono unapita katikati kabisa, yaani juu ya tumbo lako. Ligeuze uangalie upande wa ndani, kwenye polyesta iliyopakwa PU (polyurethane, ule utando wa plastiki wa kuzuia maji) utakuta utepe mwembamba unaong'aa umegandishwa juu ya mshono wote. Kama upo na haujabanduka pembeni, chukua. Kama haupo, dai punguzo au utafute gundi ya mishono upake mwenyewe. Yale ya silikoni utepe haushiki, lazima yapakwe gundi ya silikoni, kwa hiyo hata ungekuwa na hela bado kazi ingekuwepo.

Halafu angalia pale kamba zinapofungwa. Kukiwa na kipande cha pili cha kitambaa kilichoshonewa kuongeza nguvu na kitanzi cha utepe, hilo ni turubai la kazi. Tundu la chuma limepigwa tu kwenye kitambaa kitupu, upepo wa usiku mmoja unalichana.

MtembeaMdogoMdogo
Mimi nalitetea la plastiki jamani. Kama mtu hata hajui ataupenda huu mchezo au la, na pengine analo nyumbani tayari, kwanini asianze nalo? Halivuji, halivutiki, mvua inapita juu huko. Ni zito kweli na likikunjwa linajaza begi, na kelele yake mvua ikipiga ni kama umelala chini ya bati, lakini kwa kambi ambayo gari linafika halina shida.

KambaMbili
Kwa gari sawa, sikupingi. Ila mwenzetu kasema anabeba mgongoni, na plastiki inavunjika pale pale inapokunjwa, baada ya muda unaona mistari myeupe na matundu madogo madogo. Polyesta ya mita 3 kwa 3 nayo siyo nyepesi kihivyo ila inabebeka, inakunjika vizuri, na faida yake kubwa kwa mtu anayeanza ni kwamba haivutiki sana ikiloa. Nailoni inakunywa maji na kulegea, unalala imekaza saa nane usiku imekugusa usoni, inabidi utoke kwenye mvua ukaze upya. Kwa hiyo hata upande huo bei nafuu haijakuonea.

MgeniWaPori
Asanteni sana, nimeanza kuona mwanga. Swali, nimeona watu wanalifunga la mraba kimshazari, kona kwa kona, wengine wanalifunga likiwa kama paa la nyumba. Lipi ni lipi? Na maji yanayoteremka kwenye mti yakafuata kamba mpaka kwenye hamoki yanazuiliwaje?

Dada_wa_Vigingi
Mdogo wangu hapo umeuliza la maana. Kimshazari turubai lako linakuwa na mgongo (ule mstari wa juu kutoka mti mpaka mti) wa mita 4.2, linapendeza, na unatumia vigingi viwili tu chini. Lakini kadiri unavyokwenda kichwani na miguuni kitambaa kinazidi kuwa chembamba, kwa hamoki yako, kwenye ncha kitambaa kitabaki kama mita moja tu kila upande wa mgongo. Ukilifunga kama paa una mita moja na nusu kila upande kuanzia mwanzo mpaka mwisho. Mawingu mepesi funga kimshazari, mvua ya kweli au upepo funga paa, upande upepo unakotokea ushushe mpaka karibu na ardhi, na huo mwingine uuinue kidogo upate hewa na pa kupikia.

Ukipika, iwe jiko dogo na kwa nje kidogo. Moto wa kuni chini ya polyesta usijaribu, cheche moja ni tundu.

Maji ya kwenye kamba ni rahisi mno. Chukua kipande cha uzi mnene wa pamba au hata kamba ya kiatu, kifunge kwenye kamba ya hamoki, ndani ya turubai lakini kabla hujafika kwenye kitambaa cha hamoki, kiache kining'inie. Maji yakifika pale yanaufuata uzi yanadondoka chini. Funga pande zote mbili. Watu wananunua turubai la hela nyingi wanalala wameloa kwa kukosa huo uzi.

fundi_mishono
Na kamba zinazokuja na turubai mara nyingi ni fupi na zinateleza. Ulichookoa kwa kutonunua la silikoni weka hapo, kamba ya mm 2 au 3 isiyovutika, ya mgongo iwe mita 9 au 10 ili miti ikikaa mbali usikwame, na vigingi vizuri sita. Fundo jifunze moja tu linaloteleza ukilisukuma na kukaza ukilivuta, hilo litakutosha kona zote nne.

MgeniWaPori
Basi nimeamua, la polyesta 3 kwa 3, nitakagua utepe wa mishono kabla sijalipa na kamba nanunua pembeni. Nikishalipata kuna kitu cha kufanya kabla ya kwenda nalo?

Dada_wa_Vigingi
Lifunge uani, ingia kwenye hamoki, mwambie mtu apige maji ya mpira juu ya mshono wa katikati halafu kwenye ncha zote mbili kwa mshazari kama mvua ya upepo. Ukiona tone alama hapo hapo kwa chaki, likikauka paka gundi. Na ukirudi safari usilihifadhi likiwa bichi, PU ikikaa na unyevu inaanza kunata na kunuka na hapo hakuna gundi itakayoliokoa.

MgeniWaPori
Nimeelewa dada. Jumamosi nalifunga, nitaleta picha mniambie kama mgongo umekaza.