Mrejesho: Siku mbili za wageni wetu Pemba

Assalaam alaykum. Nilipouliza namna ya kuwatembeza jamaa zetu 12 kutoka Tanga kwa siku mbili tu hapa Pemba, mlinishauri nisichanganye kaskazini na kusini katika siku moja, na ushauri huo ndio uliotufaa zaidi. Siku ya kwanza tulikwenda kaskazini, Msitu wa Ngezi, kisha ufukwe wa Vumawimbi, ambako wazee hawakutaka kuondoka hadi alasiri. Siku ya pili, upande wa kusini, tulianzia Pujini, kwenye magofu ya Mkama Ndume, mtawala wa zamani wa Pemba, tukamalizia Kidike, wanakolala popo wakubwa wasiopatikana popote duniani ila Pemba. Watoto walinyamaza kimya wakiwatazama wakining'inia mitini mchana kweupe. Kisiwa cha Misali tulikiacha, kwa kuwa bahari ilichafuka. Ahsanteni sana.