Msaada: kupoza sensa ya kamera ya nyota kwa Peltier, inashuka hadi nyuzi 7 halafu inapanda yenyewe!!

Kilimia_7
Wakuu habari za mihangaiko. Nina kamera ya DSLR (ya kubadilisha lenzi) kuukuu nimeitenga kwa kazi ya kupiga nyota tu na ugonjwa wake ni ule ule wa wote, nikifungua shata dakika 5 picha inajaa vidoti vyekundu na bluu kama mtu kamwaga shanga juu ya kitambaa cheusi, na kadiri usiku unavyoenda ndio vinazidi maana sensa (chipu ya ndani inayopokea mwanga) inazidi kuchemka. Basi nikajilipua nikaifungua. Nimepitisha kipande cha shaba cha milimita 1.5 nyuma ya sensa, kikatokeza pembeni, hapo nikabandika Peltier (kibamba ambacho ukikipa umeme upande mmoja unapoa na wa pili unachemka) ile TEC1-12706, upande wa moto nikaweka hitisinki ndogo (chuma chenye mapezi ya kutawanya joto) na feni yake, nikaipa volti 12 moja kwa moja.

Sasa sikilizeni kituko. Chumbani nyuzi 26. Nikiwasha, shaba inashuka vizuri kabisa, dakika ya tano iko nyuzi 7, nafurahi. Dakika ya kumi 10. Dakika ya ishirini 15 na bado inapanda, hitisinki hata kidole huwezi kuacha. Nimefikiria kuongeza Peltier ya pili juu ya hiyo. Nitakuwa nimepatia au naenda kuunguza kila kitu?

Tupa_kule
Tafuta kamera iliyopozwa kiwandani ulale usingizi.

Mzee_wa_Lehemu
Usiongeze ya pili, kwanza hiyo moja imekushinda kuitolea joto. Wengi mnadhani Peltier inatengeneza baridi, haitengenezi, inahamisha joto tu toka upande huu kwenda huu, ndicho alichokiona yule Mfaransa Peltier mwaka 1834. Ni kuli. Anabeba mzigo anautoa mlango wa nyuma, na akifika mlangoni anaongeza na jasho lake. Joto la sensa yenyewe ni dogo, wati chache tu, lakini hiyo 12706 ukiipa volti 12 inakula ampea 4 na nusu hivi, yaani wati 50 na zaidi, na zote hizo lazima zitokee kwenye hitisinki yako uliyoiita ndogo kwa mdomo wako mwenyewe. Hitisinki ikichemka upande wa baridi unavutwa nao, ndio hiyo 7 inageuka 15.

Halafu kuna jambo watu hawaliangalii, ukiongeza umeme mara mbili uwezo wa kuhamisha joto unaongezeka mara mbili, ila joto inalojipasha yenyewe linaongezeka mara NNE, na karibu nusu yake linarudi kwenye baridi. Kwa hiyo ipo sehemu ukizidisha umeme inazidi kuwa ya moto badala ya baridi. Shusha hadi volti 6 uone. Najua inasikika kama kichekesho, jaribu tu. Na hitisinki tafuta ile ya prosesa ya kompyuta ya mezani, yenye mirija ya shaba.

Swali: umeshikanisha na nini?

Kilimia_7
Shikamoo mzee. Nimetumia gamu ya pande mbili, ile nene nyeupe yenye sponji 🙈

Mzee_wa_Lehemu
Marahaba. Umeivalisha sweta mjukuu wangu. Toa hiyo gamu yote, futa kwa spiriti, weka pesti ya joto wanayoweka kwenye prosesa, nyembamba kabisa, halafu bana kwa skrubu mbili kwa usawa. Skrubu ziwe za nailoni, za chuma zinarudisha joto toka upande wa moto kwenda wa baridi kama daraja. Na hicho kipande cha shaba kinachotokeza kifunike kwa sponji isiyopitisha hewa, sehemu yote iliyo wazi inakunywa joto la chumba bure.

Zuhura_usiku
Kaka Kilimia kabla hujaenda mbali nikuulize, unataka nyuzi ngapi na kwa nini? Maana huu mchezo una ulevi wake, mtu anafukuza hasi 20 wakati anga lake lina mwanga wa taa kiasi kwamba noizi (uchafu wa vidoti) ya sensa haionekani kabisa chini ya noizi ya anga. Umeme wa giza wa sensa, yaani ule unaojitokeza wenyewe hata bila mwanga na kuleta vidoti, unapungua nusu karibu kila ukishusha nyuzi 6. Toka 30 hadi 0 ni kama mara 32, hapo utaona tofauti kwa macho. Toka 0 hadi hasi 12 ni mara 4 zaidi ya kitu ambacho tayari ni kidogo. Piga moja ya anga ya dakika 5 na moja umefunika lenzi muda ule ule, zilinganishe. Kama ya anga imechafuka kuliko ya giza mara nyingi, tatizo lako ni anga.

Kwangu mimi cha maana kuliko ubaridi ni ubaridi USIOCHEZA. Ukikaa nyuzi 5 usiku kucha, picha za giza (zile za lenzi iliyofunikwa) unazopiga leo utazitumia hata mwezi ujao, programu inazilinganisha na za anga inatoa vile vidoti vyote. Lakini ukianza 7 ukamaliza 15 kila picha ina vidoti vyake, hata ukistaki (sio ile ya mahakamani, ni kuunganisha picha nyingi kuwa moja) picha 60 bado vinabaki. Funga kidhibiti na kihisi cha joto karibu kabisa na sensa, sio kule kwenye Peltier.

Tupa_kule
Dada umeongea. Ila kidhibiti cha kuwasha na kuzima haraka haraka (PWM) kinachora mistari kwenye picha, mimi yalinikuta.

Mzee_wa_Lehemu
Kumbe unajua kuandika sentensi ndefu 😂 Ni kweli. Kati ya kidhibiti na Peltier weka koili na kapasita umeme utoke laini, na kamera ipewe umeme wake peke yake, isichangie betri na Peltier.

darubini_ya_mbao
Nimesoma wote hakuna aliyetaja maji??? Jamani. Hewa ikiwa nyuzi 25 na unyevu asilimia 70, umande unaanza kwenye nyuzi 19. KUMI NA TISA. Yaani ukishuka nyuzi 6 tu sensa yako inalowa kama glasi ya maji baridi, na nyuma yake kuna bodi yenye umeme. Kamera yangu ya kwanza nilizika hivyo. Iliwaka vizuri siku tatu, ya nne nikakuta kutu ya kijani kwenye miguu ya konekta.

Kilimia_7
Narudi na ripoti. Nimetoa gamu, nimeweka pesti, hitisinki ya kompyuta, volti 6. Mzee sikuamini. Imeshuka taratibu hadi nyuzi 4 na saa nzima imekaa hapo hapo, hitisinki vuguvugu tu. Nusu ya volti na baridi zaidi!

Ila darubini_ya_mbao kaninyima raha maana ni kweli. Kuanzia picha ya tisa katikati kukaanza doa kama pumzi kwenye kioo, likakua, ya kumi na tano nyota zote za katikati zina ukungu unaozizunguka, za pembeni safi. Nikazima nikafungua haraka kuangalia, tone limekaa kwenye kioo cha mbele ya sensa, jingine limening'inia kwenye ncha ya shaba.

darubini_ya_mbao
Kosa la kwanza kuzima ghafla. Ukikata umeme joto la hitisinki linarudi kinyume nyume kwenye sensa, na ulipofungua ndio ukaikaribisha hewa mbichi juu ya kitu baridi. Shusha na kupandisha polepole, nyuzi 2 au 3 kwa dakika.

La pili, ziba. Pale mbele weka kioo safi kifungie chumba cha sensa, kila tundu la waya na skrubu jaza silikoni, ndani weka kifuko cha silika jeli. Chukua zile punje zinazobadilika rangi ujue zimeshalewa maji, unazikausha kwenye oveni nyuzi 110 hadi 120 saa mbili tatu unazirudisha. Baada ya kuziba iache ikae usiku mzima BILA kuwasha Peltier, jeli ifanye kazi kwanza. Hapa ndipo wengi wanakosa subira. Kioo cha mbele nacho kitashika umande kwa nje, kizungushie waya mwembamba wa rezista upashe kidogo sana, wati moja inatosha.

Na shaba isiguse miguu ya chipu, weka utepe wa Kapton (usiopitisha umeme) kati.

Zuhura_usiku
Naongeza moja, zile skrubu tatu za sensa ulihesabu mizunguko wakati wa kufungua? Zisiporudi sawa sensa inakaa upande, nyota za kushoto kali za kulia zimevimba, halafu utasingizia lenzi.

Kilimia_7
Nilipiga alama kwa kalamu dada, hapo niliona mbali.

Mzee_wa_Lehemu
Weka na swichi ya joto kwenye hitisinki, inayokata umeme ikifika nyuzi 60. Feni ikifa usiku wewe umesinzia, Peltier itaendelea kusukuma mpaka ipike sensa. Sio utani.

Kilimia_7
Wiki mbili baadaye. Nimeziba, jeli ndani, kidhibiti kimeganda nyuzi 5 kama alivyosema dada Zuhura, doa la katikati halijarudi. Nebula ya Orion imetoka nyekundu ambayo sikuwahi kuiona kwenye kamera hii. Ila sasa nyota zote zimekuwa vijiti vifupi, vyote vimelala upande mmoja. Mhimili wa stendi inayozungusha kamera kufuata nyota nimepanga upya mara mbili, wapi.

Tupa_kule
Zima feni piga moja ya sekunde 30. Usizidishe hapo, isije ikachemka.

Kilimia_7
Duara!!

Tupa_kule
Toa skrubu za feni, ining'inize kwa vipande vya raba. Hitisinki ya kompyuta feni yake ina mtikisiko, na wewe umeibana na kamera kitu kimoja.

Kilimia_7
Nimeweka raba, nikapiga picha 12 za dakika 5 mfululizo, nikarudi kuangalia kama vijiti vimeisha. Nyeusi zote. Saa nzima nilisahau kifuniko cha lenzi.

Zuhura_usiku
Zilikuwa nyuzi 5?

Kilimia_7
5 toka mwanzo mpaka mwisho.

Zuhura_usiku
Basi usifute. Hizo ndio picha zako za giza.