Mafundi wa Mtwara, nani kawafundisha kuziba taa ya ABS kwa selotepu?

Wakuu, naandika nikiwa na hasira, mnivumilie.

Nina Nissan Note. Beringi ya tairi ya mbele kushoto ilianza kuvuma, njia za Tandahimba mnazijua. Nikapeleka gereji moja hapa mjini, wakaingiza mpya kwa presi, kelele zikaisha. Kabla sijafika Mikindani taa ya ABS, ule mfumo unaozuia tairi zisifunge ukikanyaga breki, ikawaka. Nikageuza. Fundi hata jeki hakuweka: "Sensa hiyo bosi, imekufa." Yaani kile kifaa kinachosoma mwendo wa tairi.

Haya. Sensa ya mtumba kutoka Dar, 60,000 na hela ya basi juu. Taa ikawaka tena. "Hiyo imekuja mbovu, tafuta mpya." Mpya 130,000. Taa ikawaka. Sasa akahamia kwenye pampu ya ABS, 450,000! Nikamwambia sina. Akasema basi acha gari mpaka jioni, nitaiseti. Jioni taa imezima, nikatoa 30,000 na shukrani nyingi.

Wiki mbili baadaye nashuka mteremko wa Newala, kimvua kinanyesha, mbuzi kakatiza. Nakanyaga breki, tairi zikafunga, gari linateleza, usukani nazungusha hausikii. Mbuzi kapona, mimi nimepona, bampa limebaki mtaroni.

Kijana mmoja wa Masasi ndiye aliyenifumbua macho. Aliwasha swichi tu akauliza, "Mzee, mbona taa ya ABS haiwaki kabisa?" Kumbe ikiwa nzima, ukiwasha swichi lazima iwake sekunde chache, kompyuta ijikague, ndipo izime. Akafungua dashibodi. Selotepu nyeusi, imebandikwa kwa nyuma, tena kwa ustadi! Muda wote huo kompyuta ilikuwa imezima ABS, nimebaki na breki za kawaida na sina habari.

Akaunganisha mashine ya kusoma kompyuta ya gari, si zile za bei chee zinazosoma injini peke yake. Tukatembea mwendo wa 20: kwenye mashine mwendo wa tairi tatu unapanda pamoja, wa mbele kushoto umeganda kwenye 0. Akakagua soketi, umeme unafika, waya haujakatika. Hakukimbilia kusema sensa. Aliuliza, "Hapa nani alibadilisha beringi?"

Beringi za gari hili zina sumaku kwenye sili ya upande mmoja. Huioni kwa macho, lakini ukigusisha pini inanata. Upande huo ndio unaotakiwa kutazamana na sensa. Wakatoa habu, kile kitovu kinachoshika tairi, pini ikanata upande wa nje. Fundi wangu aliingiza beringi kinyume! Sensa ilikuwa inatazama upande usio na kitu, hata ungefunga ya dhahabu. Na beringi ikishatolewa kwa presi hairudi, nikanunua nyingine tena.

Taa imewaka siku ileile mtu kagusa beringi, na bado wazo hilo halimjii fundi kichwani? Kuna mwingine pale gerejini alitaka kuipima sensa omu, yaani ukinzani wa umeme, kwa mita. Zinazopimwa hivyo ni sensa za zamani za koili. Hii inafanya kazi kwa umeme inaopewa na kompyuta, omu hazikwambii kitu.

Na msiniletee habari kwamba chumvi ya bahari ndiyo imeleta kutu ikawasha taa. Kwenye gari ambalo sensa inasoma ringi ya chuma yenye meno badala ya sumaku nakubali, kutu ikijaa hapo hata pedali inatetemeka ukikaribia kusimama. La kwangu halina ringi ya meno.

Juzi nimerudi gerejini na selotepu yangu mkononi, nimemwekea mezani. Kaiangalia, kaniangalia. "Lakini bosi, si ulitaka taa izime?"

Hela hajarudisha. Mwenye Note anayetafuta sensa ya mbele anicheki, ninazo 2 nzima, mojawapo ni ile iliyokufa.